Msikisugue kisu cha babu kabla ya kukisoma

Kwa Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Shauri Moyo alinijia hapa Gikomba akiwa na furaha tele. Alifunua kitambaa, akaniwekea mezani kisu cha kukunja kinachometameta kama kijiko kipya. "Mama, sasa kimekuwa safi. Niambie bei." Nilikitambua papo hapo, na kwa muda nikakosa la kumwambia.

Kisu hicho nilikuwa nimekiona mwezi mmoja kabla, kikiwa bado cheusi. Kilikuwa cha babu yake, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma mwaka wa 1944, wakati wanajeshi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakiwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw. Mpini mweusi wenye miraba midogo ili mkono usiteleze, bapa moja pana, kifungua mikebe, na mgongoni msumari mnene wa kulegezea mafundo ya kamba. Mwishoni kikuku cha kupitishia ugwe. Kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini, nilisoma kwa lenzi jina la mtengenezaji wa Sheffield, mji wa visu kule Uingereza, mwaka 1943, na ule mshale mpana uliogongwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Nilimwambia ningemlipa shilingi 4,500 siku hiyo hiyo, na kwamba akiniletea na karatasi za babu za kuachishwa jeshi tungezungumza zaidi. Akasema kwanza akashauriane na mama yake. Nikamsifu kwa hilo.

Njiani alipita duka moja la katikati ya jiji. Huko akaambiwa ni chuma chakavu, shilingi 200, labda kikisuguliwa kitaongezeka. Basi akakipeleka kwa fundi, naye fundi akafanya alichoombwa: akaanza na msasa, akamalizia kwa mashine ya kung'arisha. Jina limekwenda. Mwaka umekwenda. Mshale umebaki mstari mmoja ambao hata mimi, miaka 22 kwenye meza hii ya vyombo vya kale, ningeudhania mkwaruzo.

Mhariri, Desemba inakuja. Watu watarudi mashambani na masanduku ya wazee yatafunguliwa. Nakuomba unichapishie haya kabla hawajaondoka. Kisu cha kale husomwa kwanza. Usikisugue, usikiloweke kwenye sabuni ya unga, usikipeleke kwa mnoaji. Kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo vinatosha. Weusi ule wa bapa si uchafu. Ni ngozi ambayo chuma cha kaboni hujivika polepole kwa miaka mingi, na inasaidia kuzuia kutu nyekundu isikile. Mnunuzi anayejua analipia ngozi hiyo. Ikiondolewa, ile ya zamani hairudi, na chapa ikifutwa ndiyo basi.

Kuna na ubaya wa upande wa pili, unaofanywa na sisi wauzaji. Jumamosi moja mtu aliniletea kisu akiapa kwamba ni cha askari wa mwaka 1902, King's African Rifles ilipoundwa. Springi imejaa kutu, bapa jeusi tititi. Nilipitisha kidole, weusi ukabaki kidoleni. Nikakisogeza puani, kikanuka siki. Kisha nikaweka lenzi. Mshale ulikuwapo, lakini ndani ya mfuo wake chuma kiling'aa, kwa hiyo uligongwa baada ya weusi kupakwa, pengine wiki hiyo hiyo. Na chini yake kabisa, herufi ndogo alizosahau kuzifuta: "Stainless". Chuma kisichoshika kutu kiligunduliwa Sheffield na Harry Brearley mwaka wa 1913. Askari wa 1902 angekitoa wapi? Nilimwonyesha kila kimoja, akakifunga na kwenda zake. Naogopa alikiuza kwa mwingine kabla jua halijatua.

Kwa hiyo tazama palipochakaa. Kisu kilichoishi mfukoni huliwa pale kidole gumba kinapokaa na kwenye mfuo wa ukucha wa kufungulia bapa. Kutu yake haina usawa. Kikizeeka sawasawa kila pembe, kuna mtu amekizeesha. Angalia pia vichwa vya riveti, misumari inayoshikilia bapa mpinini: kimoja kikiwa kipya kuliko wenzake, bapa limebadilishwa. Fungua na kufunga usikilize: springi nzima hulia "tak!", iliyochoka hunong'ona. Mshale ukiwa ndani ya herufi U, kisu ni cha jeshi la Afrika Kusini.

Kuhusu bei nitasema kweli, hata kama inaniharibia biashara. Visu hivi vya jeshi vilitengenezwa kwa wingi mno wakati wa vita. Anayekwambia chako ni cha laki moja anakudanganya sawa na yule wa shilingi 200. Kinachokipandisha ni bapa lisilomalizwa na tupa, chapa inayosomeka, na karatasi zinazokifunga kwa mtu fulani aliyekibeba. Hilo la mwisho ndilo linaloondoka upesi zaidi, maana watu huchoma karatasi na kubakiza chuma.

Mpini ukiwa wa pembe za ndovu, usiniletee. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kuuza, nami sinunui.

Wenzangu wa meza za Gikomba na kwingineko, acheni kugonga chapa za uongo. Kila mshale tunaougonga unamfanya mnunuzi ashuku na ule wa kweli, na anayeumia ni mjukuu wa askari.

Cha kijana yule sikukinunua. Nilikigeuza chini ya lenzi muda mrefu, nikitafuta mahali ambapo msasa haukufika. Ndani ya kikuku, upande unaolalia mpini, nilikuta herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kitu, zimepinda, weusi wa zamani bado umo ndani yake. Nikamwuliza babu aliitwa nani. Akalitaja jina, nami nikampa lenzi ajionee mwenyewe. Alitazama, akatazama tena. Kisha akakifunga kwenye kitambaa chake, akasema hakiuzwi.

Muuza vyombo vya kale,
Gikomba, Nairobi