Upanga wa Kijapani wa urithi usomwe kabla ya kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wale waishio Uingereza, Marekani na Kanada, jambo linalozitia hasara familia nyingi wakati wa kugawana mirathi. Kazi yangu ni kuorodhesha silaha za kale na vitu vya Asia katika nyumba ya mnada hapa Uingereza. Mara kwa mara huletewa panga za Kijapani ambazo warithi wenyewe wamekwisha kuziharibu kwa nia njema, au huonyeshwa picha za panga zilizokwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wengi wetu huku tunalea wazee, wengine wanahamisha vyombo vya marehemu, na wengine wameoa au kuolewa katika familia ambazo babu alipigana na Wajapani. Kwa hiyo si ajabu Mswahili akawa mtu wa kwanza kuulizwa kitu hiki ni nini na kiuzwe kwa kiasi gani.

Wala jambo hili haliko mbali na historia yetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma hadi ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Vita vilipokwisha mwaka uliofuata, Lord Mountbatten alishikilia kwamba maafisa wa Kijapani wazikabidhi panga zao mbele ya watu, na panga hizo zikasambaa mikononi mwa maafisa wa majeshi yaliyoshinda, zikaingia masandukuni na darini, ambako leo wajukuu wanazikuta.

Kosa ninalolikuta zaidi ya yote ni hamu ya kutaka upanga ung'ae. Katika familia moja ninayoifahamu, kijana aliyepewa kazi ya kuandaa vitu vya babu yake aliuvua mpini, akaisugua kwa msasa ile sehemu ya chuma inayofichwa ndani yake, akafurahi kuiona imekuwa nyeupe. Sehemu hiyo, ambayo Wajapani huiita nakago, ndiyo hati ya kuzaliwa ya upanga. Kutu yake nyeusi iliyokomaa, mistari ya tupa iliyoachwa na mhunzi, umbo la mwisho wake, idadi na mpangilio wa matundu yake, vyote husomwa na wataalamu ili kukadiria karne na jimbo ulikofuliwa. Alichokiondoa kijana yule mchana mmoja hakuna fundi duniani awezaye kukirudisha, na thamani iliyopotea haikuwa ya kuhesabiwa kwa makumi ya pauni.

Kwa hiyo naomba kwa msisitizo: usisugue, usinoe, usipake dawa ya kung'arishia shaba. Kuusafisha upanga wa aina hii ni kazi ya mafundi waliojifunza kwa miaka mingi, wanaotumia mawe ya namna kwa namna, na hata wao kila wakiupitisha kwenye jiwe huondoa chuma kisichorudi. Mrithi hana la kufanya zaidi ya kuuweka mahali pakavu na kutougusa kwa vidole vitupu, kwa kuwa jasho huleta kutu. Wenye ujuzi huupaka mafuta mepesi kidogo sana, na yale ya jadi hutiwa karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba angeyatambua kwa harufu.

Ili upanga usomwe, mpini huvuliwa kwa kusukuma nje kijiti cha mwanzi kinachoushikilia. Chomoa upanga alani taratibu, makali yakiwa juu, wala usiikumbatie ala kwa kiganja karibu na mdomo wake, maana ala kuukuu huweza kupasuka na kukukata. Kijiti kikikataa kutoka, acha, mpelekee mjuzi. Kikitoka, piga picha nakago pande zote mbili katika mwanga mzuri, kisha pima urefu kwa mstari ulionyooka kutoka nchani hadi kwenye pengo dogo lililo mgongoni mwa upanga, pale mpini unapoanzia. Ukizidi sentimita 60.6 huitwa katana. Kati ya hapo na sentimita 30.3 ni wakizashi. Chini ya hapo ni tanto, ambayo sisi tungeiona kama jambia.

Yapo mawazo mawili yanayopotosha watu. Wako wanaoamini kwamba kila upanga uliotoka vitani ni wa samurai, na wako wanaoamini kwamba kila ulio na ala ya kijeshi ni bidhaa ya kiwandani. Wote wanakosea. Upanga wa masajini, ulioanza kutolewa mwaka 1935, ulitengenezwa kwa mashine; una namba iliyogongwa kwenye chuma karibu na mpini, na mpini wenyewe ni wa madini yaliyomiminwa katika kalibu na kupakwa rangi ili uonekane kama umezungushiwa utepe. Huo hutambulikana bila shida. Maafisa, hata hivyo, walijinunulia wenyewe, na baadhi yao walichukua upanga wa mababu, wakauvalisha mpini na ala vya kijeshi vya mtindo wa 1934 au 1938, wakaenda nao vitani. Nje unaona rangi ya jeshi, ndani kuna kazi ya karne ya 16. Mpini wa namna hiyo huwa na ngozi ya samaki taa chini ya utepe, lakini hata ngozi hiyo haithibitishi umri wa chuma, kwa sababu panga za maafisa zilizotengenezwa wakati wa vita nazo zilikuwa nayo.

Ndiyo maana narudi kwenye nakago. Ukiona muhuri mdogo uliogongwa wenye neno Showa, jina la enzi ya mfalme wa Japani wa wakati huo, au jina la Seki, mji wa wafua panga, kwa kawaida upanga ni wa wakati wa vita na haukufuliwa kwa njia ya jadi. Muhuri wa nyota, kwa upande mwingine, uliwekwa kwenye kazi za wahunzi walioidhinishwa na jeshi, waliofuata njia za jadi, na bei yake ni tofauti. Tarehe nayo husomeka kwa mjuzi: Showa ilianza mwaka 1926, kwa hiyo Showa 17 ni mwaka 1942.

Jina la mhunzi likiwepo, familia nyingi hushangilia mapema. Majina makubwa yameghushiwa kwa karne nyingi, na jina la Kotetsu, mhunzi wa karne ya 17 wa Edo, yaani Tokyo ya leo, ni miongoni mwa yaliyoghushiwa mno. Kinyume chake, upanga usio na jina si wa kudharauliwa: panga ndefu za kale zilikatwa kuanzia upande wa mpini ili zifupishwe, na jina likaondoka pamoja na kipande kilichokatwa. Nimeona watu wakilia kwa furaha kwa jina la uongo, na nimeona wengine wakiuza bila kuuliza upanga usio na jina ambao ulistahili kupelekwa Tokyo.

Tokyo naitaja kwa sababu huko kuna chama cha kuhifadhi sanaa ya panga za Kijapani, NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948, ambacho hukagua upanga wenyewe, si picha, na kutoa vyeti kwa madaraja kuanzia Hozon, la chini, hadi Tokubetsu Juyo, la juu kabisa. Cheti hicho hubadilisha bei kabisa. Lakini safari hiyo ina gharama na muda, na upanga uliotengenezwa kwa mashine haukubaliwi kusajiliwa Japani. Ukipelekwa huko waweza kutwaliwa. Kwa hiyo apate kwanza kuutazama mtu anayejua, ndipo uamuzi wa kuusafirisha ufanywe.

Kuhusu bei, ombi langu kubwa ni kwamba anayekadiria asiwe ndiye anayenunua. Mfanyabiashara anayekuja nyumbani na fedha taslimu, akataka jibu siku hiyohiyo, anajua kitu ambacho wewe hujakijua bado. Tafuta makadirio ya maandishi kutoka sehemu zaidi ya moja, na uulize ni makadirio ya nini, kwa kuwa thamani ya bima huwa juu kuliko bei ya sokoni, na ya mirathi hapa Uingereza ni bei ya sokoni siku aliyofariki mwenye mali. Upanga wa kiwandani huuzwa kwa mamia ya pauni. Uliofuliwa kwa mkono na kuthibitishwa hufika maelfu, na ulio bora kabisa makumi ya maelfu. Majumba ya makumbusho kwa kawaida hayatoi bei, ingawa huweza kusaidia kutambua.

Vitu vingine vya Kijapani navigusia tu. Kikingio cha mkono kinaweza kuwa na thamani kuliko upanga uliokibeba, basi visitenganishwe kabla ya kuonwa. Vyombo vilivyoandikwa kwamba vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya washindi (Made in Occupied Japan) ni vya miaka iliyofuata vita, hadi 1952, si vya kale. Vinyago vidogo vya netsuke vya pembe za ndovu vina sheria kali hapa tangu mwaka 2022, na kuviuza bila kufuata utaratibu ni kosa la jinai.

Jambo la mwisho linanigusa zaidi. Baadhi ya panga zilikabidhiwa zikiwa zimefungiwa kibao au kitambaa chenye jina na anwani ya mwenyewe, na nimeona vikitupwa kama takataka. Mwaka 1963 Dkt. Walter Compton wa Marekani alilirudishia hekalu la Terukuni, mjini Kagoshima, upanga wa mhunzi Kunimune uliokuwa hazina ya taifa na uliopotea baada ya vita. Upanga mwingine mashuhuri, uitwao Honjo Masamune, uliokabidhiwa kwa polisi jijini Tokyo mwishoni mwa 1945, haujaonekana mpaka leo. Kitambaa cha namna hiyo kikikutwa, kipigwe picha na kibaki pamoja na upanga, na warithi wakubaliane kwanza kama wanataka kuitafuta familia ya mwenyewe. Chama cha To-ken Society of Great Britain kina watu wanaoweza kuyasoma maandishi hayo.

Wako,
Msomaji,
Leicester, Uingereza