Bibi kaambiwa "mpuuzi huyu", na lawama zimeniangukia mimi

Anti, shikamoo.

Nina mtoto wa kiume anayeelekea miaka mitatu. Alichelewa kuongea, tukahangaika naye kliniki, kumbe mwenzetu alikuwa anakusanya. Sasa yamefumuka yote kwa mpigo, na karibu yote ni ya baba yake, ambaye ni konda wa daladala za Gongo la Mboto–Kariakoo.

Asubuhi anasimama mlangoni, anagonga bati, "Suka, twendeee!" Mgeni akikaa anaambiwa asogee, nyuma kuna nafasi. Hayo hayanisumbui, nacheka na majirani. Kazi hiyo ndiyo inatulisha, sitaki mwanangu aionee haya.

Linaloniumiza ni la simu. Tajiri wa gari akipiga kuulizia hesabu, mume wangu yuko kwenye kochi, miguu juu, lakini jibu lake ni "Bosi, niko foleni hapa Tazara." (Tazara walishajenga daraja la juu tangu 2018, ila foleni ya mume wangu haijaisha.) Simu ikikatika anasonya: "Mpuuzi huyu!"

Basi mtoto naye anachukua kandambili, anaiweka sikioni. "Bosi, foleni Tazala. Haya. Haya." Anaishusha, mdomo unakwenda upande vilevile kama wa baba yake, anasonya, kisha "Mpuuzi huyu!" Baba mtu anacheka mpaka machozi, anamrudisha aseme tena mbele ya wenzake wa kijiweni.

Wiki iliyopita mama mkwe alipiga kutoka Muheza, nikampa mjukuu wake amsalimie. Akasema shikamoo vizuri kabisa. Alipoona mazungumzo yamekwisha akashusha simu, akasonya, akalitoa neno lake. Simu ilikuwa bado hewani. Bibi akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mama, huyo mpuuzi kwenye nyumba ya mwanangu ni nani?"

Nilikosa la kujibu. Kwa akili yake, mtoto anashinda na mimi kutwa nzima, kwa hiyo hayo ndiyo ninayomsema nikikata simu yake. Mawifi wameshapata habari. Mume wangu namwambia amweleze mama yake, anasema nakuza mambo, mtoto ni mtoto.

Muuguzi wa kliniki alinishauri nisimcheke wala nisimchape, kwa kuwa maana ya neno haijui, yeye anafurahia kelele tunazopiga akilisema. Kwa hiyo nanyamaza, halafu nampa neno lingine. Mchana tunakwenda vizuri. Baba yake akirudi jioni, kazi yote inabomoka.

Sasa bibi anakuja Idi, na atakaa mwezi mzima. Anti, nimweleze mapema kwamba ni maneno ya mwanawe, nionekane namchongea mume? Au nikae kimya, nisubiri tajiri apige simu siku bibi akiwa amekaa palepale sebuleni?

Mama Kijana,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam