Kwenu Vijana Mnaojadili Mema na Mabaya

Wanangu,

Mijadala yenu mingi huanza na swali hili: je, fulani ni mtu mwema au mbaya? Nawashauri mliweke kando. Ukianza kwa kumpima mtu, unaishia kuokota ushahidi unaokufurahisha, na asili ya binadamu unayotaka kuijadili inabaki palepale, haijaguswa.

Anzeni na kadi nne. Ziandikwe A, K, 4 na 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Dai ni hili: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni zipi lazima zipinduliwe ili tujue kama dai ni kweli? Fumbo hili lilibuniwa na mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, mwaka 1966, na wengi hujibu A na 4. Sivyo. Ni A na 7. Hiyo 4 haiwezi kulivunja dai hata nyuma yake pakiwa na konsonanti, kwa kuwa hakuna aliyesema konsonanti haziruhusiwi kukaa na namba shufwa. Lakini nyuma ya 7 ikionekana irabu, dai limekwisha.

Fumbo lilelile likigeuzwa kuwa la sheria, kwamba anayekunywa bia awe ametimiza umri, watu hulijibu vizuri. Katika utafiti wa mwaka 1982, karibu robo tatu walipatia: mkague umri anayekunywa bia, na mkague kinywaji aliye chini ya umri. Wataalamu bado wanabishana sababu yake, ila somo kwenu liko wazi. Kumnusa mvunja sheria tunaweza. Kulijaribu dai letu wenyewe hutushinda. Basi mkisema asiye na dini hana maadili, kuhesabu wacha Mungu waadilifu ni kuipindua ile K, ambayo dai haliihusu. Mtafuteni mwadilifu asiye na dini. Akipatikana mmoja tu, dai lishusheni liwe “baadhi”, au liacheni.

Kosa la pili ni kuruka kutoka “ndivyo ilivyo” hadi “ndivyo inavyopasa”. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alilionyesha mwaka 1740, na bado linatembea kwa miguu yake. Chukueni hoja hii: binadamu kwa asili hujipendelea, kwa hiyo kujipendelea si kosa. Iandikeni kwa mistari mitatu, na ule wa katikati ambao msemaji hakuutamka muujaze nyinyi: “Lolote la asili si kosa.” Likishaandikwa, lijaribuni kwa wivu na kisasi, ambavyo pia ni vya asili. Hoja nyingi mbovu hufia hapo, kwenye sentensi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuitamka.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1961 na 1962, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaita watu wa kawaida na kuwaambia wamchape mtu mwingine kwa umeme kila anapokosea jibu. Umeme haukuwepo, aliyelia alikuwa anaigiza. Swichi zilianza volti 15, zikapanda kwa 15 hadi 450. Madaktari wa akili walioulizwa kabla walikadiria kwamba angefika mwisho mtu mmoja hivi katika elfu. Katika jaribio linalojulikana zaidi, walifika 26 kati ya 40. Wapo wahakiki wanaosema baadhi ya washiriki walishuku kuwa ni maigizo, na hoja hiyo isidharauliwe. Lakini tazameni mpangilio. Aliyekwisha kubonyeza 150 akigoma kwenye 165 lazima ajieleze: volti 15 zaidi zina nini? Hapo ndipo mtu hunaswa. Hakuna hatua iliyo mbaya kiasi cha kumshtua, na kila aliyoipita inamfunga kwa inayofuata.

Katika toleo jingine la jaribio hilo, palipokuwa na washiriki wenza wawili waliogoma mbele ya mhusika, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson waliwapitisha wanafunzi wa theolojia karibu na mtu aliyejiinamia akikohoa mlangoni. Wasio na haraka, 63% walimsaidia. Waliohimizwa kuwa wamechelewa, 10%. Baadhi yao walikuwa wakienda kuhubiri juu ya Msamaria Mwema.

Msikimbilie kusema kwamba basi hakuna wa kulaumiwa. Wale 14 waliogoma kwa Milgram walikuwa chumba kilekile, mbele ya msimamizi yuleyule wa jaribio. Kueleza kilichomsukuma mtu ni kazi moja, kumwondolea lawama ni nyingine, na msichanganye. Kinachobadilika ni mahali pa kuweka bidii yenu. Kabla hamjaingia kazini, jeshini au kwenye uongozi, andikeni hatua ambayo hamtaivuka, iwe ya kuhesabika: “sitaweka sahihi kwenye hesabu nisiyoiona”, si “nitakuwa mwaminifu”. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini, ili mgomaji asiwe peke yake. Uamuzi unaomgusa mwingine ukidaiwa papo hapo, ombeni hadi kesho. Anayekataa kuwapa usiku mmoja amekwisha kuwaambia jambo.

Yale mafumbo ya gari la reli lililokatika breki, ambamo unachagua kuligeuzia kwa mtu mmoja ili kuwaokoa watano, aliyoyaanzisha mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot mwaka 1967, yana faida yake: yanatenganisha kuua na kuacha afe. Ila yanawapa ukweli wote mkononi, na maisha hayatoi hivyo. Msiyafanye chakula cha kila mkutano.

Kabla hukumu haijatoka, badilisheni majina: mkosaji awe rafiki yenu, aliyeumizwa awe hasimu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hukumu ikigeuka kwa sababu ya jina pekee, ifuteni. Ikigeuka kwa sababu ya tofauti mnayoweza kuitaja, iandikeni tofauti hiyo, kisha muulize kama mngeikubali pia ikimnufaisha msiyempenda.

Mkutano ujao chagueni dai moja tu. Anayelitetea ndiye apewe kazi ya kuleta mfano wa kulivunja, na wengine wasianze kubishana hadi ameuleta.

Mzee wenu