Nashtuka usiku nikijua nakufa, na mume wangu hataki niende kliniki ya akili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, nashona nguo hapa Morogoro. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatuelewani tena kuhusu ugonjwa wangu.

Nalala vizuri tu, sijagombana na mtu. Baada ya saa moja au mbili nashtuka, moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, jasho linanitoka, vidole vimeingia ganzi, na najua kabisa kwamba nakufa. Siyo kwamba nawaza labda nitakufa. Najua. Ndani ya chandarua sikaliki. Nimekichana upande wa ukutani nikitafuta pa kutokea gizani, nikakishona, kikachanika palepale. Nikishatoka nakaa chini kwenye korido, maana sakafu ina ubaridi, mpaka moyo utulie. Hali yenyewe haichukui muda mrefu, ila usingizi ndiyo umekwenda. Siku hizi ikifika saa nne usiku natafuta nguo ya kupiga pasi, alimradi nisiingie chumbani.

Mama mkwe alisema ni jinamizi, sasa anasema ni jini. Jinamizi mimi nalijua, lilikuwa likinikaba nikiwa msichana: akili imeamka lakini mwili haunyanyuki, na unahisi kitu kimekukalia. Hili silo. Hapa nanyanyuka mbio, sioni kitu, wala sikuwa naota. Nimemweleza kwa adabu, lakini kwake ya usiku yote ni mamoja.

Hospitali nimekwenda. Wamenipima presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, na moyo kwa ile mashine ya kubandika nyaya kifuani. Wakaniuliza kama nakoroma au pumzi inakatika usingizini, na kama nina kiungulia, kwani hayo nayo humwamsha mtu akitafuta hewa. Hawakuona tatizo. Daktari mmoja kijana ndiye aliyenikalisha akaniambia ni shambulio la hofu, na kwamba huwapata watu hata usingizini, mara nyingi usingizi unapoanza kuwa mzito, bila ndoto yoyote. Mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo. Ganzi ya vidole inatokana na kuhema haraka haraka: kabonidayoksaidi inapungua mno kwenye damu, na kadiri ninavyogombania hewa ndivyo ninavyozidi kubanwa. Akanifundisha kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta. Akasema kwa kawaida hali hupanda ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Kahawa ya jioni akanikataza. Shangazi, sijui nikwambieje nilivyofarijika siku ile, maana kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amenieleza kile kile ninachokipata.

Sasa shida iko hapa. Daktari huyo ameniandikia rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, nikazungumze na mwanasaikolojia, na ikibidi nianze dawa za kunywa kila siku kwa miezi kadhaa. Baba watoto alipoisoma ile karatasi aliikunja akasema, "Mke wangu haendi Mirembe." Hakuna aliyeitaja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma; kliniki yenyewe iko hapa hapa mjini. Lakini kwetu ukisema akili, watu wanasikia Mirembe, naye anawafikiria majirani na wateja wangu. Si mtu mbaya. Usiku anatoka kuja kukaa nami koridoni, ananishika mkono, na alfajiri anawahi kazini. Ila amekubaliana na mama yake nipelekwe kwanza kwa mtu wa kutoa majini, rufaa isubiri. Kisomo sikikatai, dua inanituliza. Ninachokataa ni kuambiwa nichague.

Kinachonifanya nisitake kungoja ni binti yangu mkubwa. Ananisikia usiku. Juzi wakati namsuka kabla ya shule aliniuliza, "Mama, jana ulikufa?" Nilikosa jibu.

Naomba unishauri, nizungumze vipi na mume wangu ili akubali, ikiwezekana twende wote amsikie daktari mwenyewe? Nimtumie nani, kaka yake mkubwa au yule ustadhi wetu ambaye anamheshimu? Au niende kimya kimya, wakati sijawahi kumficha jambo? Na mtoto nimwambie nini ambacho ataelewa?

Wasomaji mliopitia hali hii, naomba nanyi mniambie: mkishatulia, mnafanya nini ili usingizi urudi usiku huohuo? Mimi nabaki macho mpaka adhana, na kutwa nzima nasinzia kwenye cherehani.

Wako,
Mama wa wawili, Morogoro