Wahadhiri, tutumieni hata sauti tu

Kwako Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Kisumu. Nimepanga chumba Manyatta, na masomo mengi ya muhula huu ni ya mtandaoni.

Juzi stima ilipotea asubuhi. Nilikimbilia kwa kinyozi pale Kondele kuchaji simu na kusikiliza mhadhara nikiwa nimekaa benchini. Mhadhiri akanitaja jina, nikafungua maikrofoni, darasa zima likasikia mashine ya kunyoa na mteja akilalamika kuhusu ndevu zake. Walicheka. Bando likaisha kabla sijajibu.

Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, nilikuwa darasa la nane. Nilifuata vipindi kwa redio ya nyanya, na redio haikudai bando (betri tulizianika juani).

Ombi langu ni dogo. Video hula data kuliko sauti, kwa hivyo wahadhiri warekodi somo kwa sauti na kututumia pamoja na maandishi, tupakue usiku bando la bei nafuu likipatikana. Kamera tutawasha siku ya mtihani.

Mwanafunzi,
Manyatta, Kisumu