Pikipiki imevuka, jalada limebaki Sirari

Mhariri,

Kila wakuu wa polisi wa ukanda wetu wanapokutana tunasikia wamekubaliana kubadilishana taarifa za uhalifu unaovuka mipaka. Sibezi. Lakini shirikisho lao, EAPCCO, lipo tangu 1998, na sisi wa Sirari bado tunasubiri taarifa hizo zivuke barabara tu ziingie Isebania, upande wa Kenya.

Nina pikipiki za bodaboda nilizowapa vijana kwa mkataba. Mwaka jana moja iliporwa usiku na watu waliojifanya abiria. Kijana wangu alisalimika, namshukuru Mungu. Nilikwenda kituoni na kadi, wakaandika namba ya usajili, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Namba ya chesi, ile iliyogongwa kwenye fremu yenyewe, hawakuihitaji mpaka nilipong'ang'ania. Jamani, kibao cha usajili kinang'olewa kwa bisibisi kabla hata mwenye mali hajafika kituoni! Chesi ndiyo inayomsumbua mwizi, maana lazima amtafute fundi wa kuisugua.

Sisi Wakurya tuko pande zote mbili. Shangazi yangu ameolewa Kehancha, na ndiye aliyenipigia kwamba pikipiki imeonekana kule. Nikavuka na kadi yangu. Askari wa kule, kwa heshima kabisa: "Mama, tuletee barua kutoka kwenu." Wa huku wakasema barua hiyo lazima ipitie juu. Ilipokuwa ikipanda na kushuka, pikipiki ilishafunguliwa ikauzwa spea.

Huu si wizi wa kijana mwenye njaa. Yuko anayepora, yuko anayevusha kwa njia za panya, yuko fundi, yuko mnunuzi, na wote wana namba za simu za wenzao. Ng'ombe wakiibwa, wazee hufuata nyayo hadi mpakani na wa upande wa pili wakazipokea hapo hapo, bila muhuri.

Pale mpakani maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na lori hukaguliwa mara moja likapita. Polisi nao wawekewe meza humo, wapeane kila jioni orodha ya namba za chesi na injini zilizoripotiwa. Interpol ina kanzidata ya vyombo vya moto vilivyoibwa, lakini namba isiyoingizwa na nchi yake haionekani humo. Kwa hiyo RB ya pikipiki isitolewe bila chesi.

Ila wapeane namba, wasianze kupeana majina ya watu yaliyookotwa vijiweni. Huku kwetu kuna visasi vya koo, na mtu anaweza kukamatwa ng'ambo kwa sababu tu jirani yake hampendi. Jina lipite likiwa na ushahidi na sahihi ya askari aliyelitoa.

Mmiliki wa bodaboda,
Sirari, Tarime