Hamisi, naomba toki yangu

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili jioni

Hamisi ndugu yangu,

Mbukwa! Najua hutaitikia salamu ya Kigogo, Mnyaturu na kiburi chake. Sisi wazima, mama Tedi mzima, vumbi ni lile lile unalolijua, mtu akipiga chafya asubuhi inatoka nyekundu. Shikamoo yangu mfikishie mama. Basi, salamu zimekwisha.

Umeshangaa kuona barua. Ningekupigia, lakini nimeshakupigia mara nne tangu Pasaka kwa jambo hilihili, na kila mara unanichekesha mpaka salio linakata nami nimesahau nilichopigia. Karatasi haichekeshwi. Naomba toki yangu, Hamisi, spana yangu ya kipimo, inayolia tak! bolti ikifika nguvu uliyoipangia. Ile ya Tohnichi, ya kwenye kisanduku chekundu, niliyoinunua mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 2009, ukaiazima "wiki mbili tu, nikishafungua gereji narudisha". Wiki mbili zile zimetimiza miaka mitatu.

Nilikupa kwa moyo mweupe, sikatai. Tena siku ile nilijitapa mbele ya vijana kwamba kipimo changu mimi kiko hapa, nikawaonyesha kiganja. Si ndivyo alivyotulea Babu Tito? "Kaza mpaka nati inyamaze. Ikinyamaza, na wewe nyamaza." Miaka 23 nimekaza kwa kanuni hiyo na nati zimeninyamazia vizuri tu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita ililetwa Toyota IST ya mwalimu mmoja wa Kisasa. Katoka nayo Kibaigwa jua la saa nane, injini imechemka, naye kakanyaga mafuta tu mpaka ikazima yenyewe. Nafungua rejeta: kulenti, ile dawa ya kupoozea injini, hakuna hata harufu, ni maji ya bomba matupu, na ule ugaga mweupe wa maji yetu ya Makutupora umeganda kama ndani ya birika la mama Tedi. Tamostati nayo, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ilishang'olewa na fundi aliyenitangulia, eti gari lipoe. Hilo la tamostati tusilianze, tutakesha.

Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imepinda. Tukaipeleka kuchongwa, ikarudi imelala sawa, gasketi mpya mkononi. Ikabaki kufunga. Injini hiyo ya 1NZ unaijua kuliko mimi: bolti 10, unaanzia katikati ukienda nje, zote kwanza kwa nguvu ya niutoni mita 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Zile nyuzi 90 hata Juma anaziweza, unatia nukta ya rangi kwenye kichwa cha bolti, unazungusha robo, unaangalia nukta imefika wapi. Kazi iko kwenye 29, maana robo zote mbili zinakaa juu yake, na bloku, kiwiliwili cha injini, ni alumini, haitaki ubabe. Hiyo 29 nikaipiga kwa mkono, kama siku zote.

Bolti ya saba, robo ya mwisho, nazungusha naona bado inakwenda. Aa, nisikudanganye, sikuona kitu. Aliyeona ni Juma, spanaboi, mwezi wa nne huu tangu aje, anashika taa: "Fundi, hiyo imelainika." Nikamwambia anyamaze, amulike vizuri. Nikasukuma tena. Ikaja juu na uzi wote wa alumini umejisokota kwenye meno yake.

Nilikaa juu ya tairi bovu pale chini ya mwarobaini, nikaomba chai, sikuinywa.

Labda uzi ulishachoka kwa ule moto. Labda 29 yangu ilikuwa 50. Sijui, Hamisi, na hapo ndipo panaponiuma. Zamani ningejua kabla bolti haijajua. Tundu lilitobolewa upya, likakatwa uzi mkubwa, ikatiwa koili ya chuma, bolti zote kumi nikanunua mpya, gari linatembea. Laki na themanini nimetoa mfukoni mwangu. Mwalimu nilimwambia kulikuwa na kazi ya ziada kidogo. Sikumwambia yote. Usiniangalie hivyo.

Na hili sijamwambia mtu yeyote gereji, hata Mashaka. Ni kama miezi sita sasa vidole vya mkono wa kulia vinalala usiku: gumba, cha shahada na cha kati. Naamka nautikisa mkono kama nafukuza nyuki. Mchana vinaamka, lakini si vilevile, kama nimevaa glovu ambayo siioni. Nikishika bolti ndogo, nusu yake siisikii. Daktari kasema mshipa wa fahamu unabanwa hapa kwenye kifundo cha mkono. Kaniuliza kazi, nikamtajia spana na bunduki ya upepo ya kufungulia nati, akatikisa kichwa akaandika. Kanipa mkanda mgumu wa kuvalia usiku. Mama Tedi anasema nalala kama kipa anayesubiri penalti.

Ndiyo maana naitaka toki. Usiseme nikanunue nyingine, nilinunua moja pale Majengo. Bolti ya kwanza ililia vizuri, tak! Ya pili kimya. Ya tatu kimya. Sasa hivi ni nyundo.

Kazi zipo, Mungu ashukuriwe. Tangu serikali ihamie huku magari yamejaa, ingawa zile V8 zinatupita zikienda kwa wenye lifti na viyoyozi. Kwetu zinakuja Probox na Noah, na vijana wenye kile kiplagi cha kuchomeka chini ya usukani, simu mkononi, tayari fundi. Juzi mmoja kasoma namba ya hitilafu P0171, akamuuzia mtu sensa ya oksijeni mpya. Taa ikarudi jioni ileile. Walipoileta kwangu ilikuwa hosi ya upepo imepasuka kwa jua, unaisikia inapiga mluzi. Kifaa kilisema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, hakikusema sensa imekufa. Nikacheka sana, halafu nikakumbuka bolti ya saba nikaacha kucheka. Maana na mimi sasa nataka kifaa kinisemee.

Haya. Kabla hujaituma, legeza springi mpaka namba ya chini kabisa. Kama imekaa miaka mitatu imekazwa itakuwa imeshajifunza uongo, itabidi nitafute pa kuipimisha. Ifunge kwenye kitambaa, mpe Saidi wa vitunguu, anapita hapa kila Alhamisi. Usimpe kondakta. Wakati wa zabibu nitampa Saidi akuletee kreti, usiseme sikukumbuki.

Lakini niambie ukweli: umeifungulia nati za Fuso? Umeivalisha bomba kwenye mpini ili ikaze kwa nguvu zaidi? Ilishawahi kuanguka? Sema tu, sitagomba, ila nijue kabla sijaiamini tena kwenye hedi ya mtu. Au umeiuza? Kama umeiuza, umemuuzia nani, na alikulipa? Mama anaendeleaje na goti? Yule kijana wako aliyetaka kwenda VETA alikwenda, au bado anaendesha bodaboda? Na Mashaka anauliza deni lake, sitaki kuingilia, ila anauliza.

Na wewe je, mkono wako? Umeshika spana miaka ileile niliyoshika mimi. Vidole vyako havilali usiku? Ukikaza nati bado unaisikia inaponyamaza?

Nijibu kwa barua, si kwa simu.

Ni mimi,
Yona

Tena: kama ndani ya kisanduku kuna spana namba 10, ni yangu. Najua utakataa.